KLE YA ZAMANI NA SANDUKU YA FUNDI: NAMNA YA KUZITAMBUA



Hapa Shituru nyumba ni chache sana ambazo hazina kipande cha chombo cha kazi kimelala mahali: chini ya kitanda, nyuma ya mlango wa jikoni, ao kinashikilia mabati ya kuku. Na karibu kila juma mtu mmoja anapita na kinga yake na mizani, anaita: mitraye, mitraye! Anapima, analipa, anaenda. Kwa mizani yake kilo ni kilo. Ekru iliyooza na kle iliyofungua mashini ya kiwanda miaka 40, bei ni moja.

Hatusemi huyu mtu iko mubaya. Anatafuta chakula yake kama sisi wote. Lakini ni vizuri mtoto wa nyumba ajue ni kitu gani kinapanda pale juu ya mizani, mbele ya kukubali pesa. Njo maana ya makala hii. Tutasema juu ya vyombo vya mkono vya mekanisiye na vya ajisteri, na juu ya sanduku yao, na namna ya kusoma alama zao.

VILITOKA WAPI?

Mji wetu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, kwa jina la Jean Jadot, injinia Mbelgiji aliyekuwa prezidenti wa Union Minière du Haut-Katanga. Kampani hiyo ilianzishwa mwaka 1906. Sasa mtu atafikiri: kampani ya Wabelgiji, basi vyombo vyote ni vya Ubelgiji, vya milimita. Hapana. Angalieni njia ya reli. Reli haikutoka kwanza Ulaya kupitia Matadi. Ilitoka kusini, kwa Waingereza, ikafika Elisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Upana wake mpaka leo ni futi 3 na inchi 6, ndiyo milimita 1067. Kwa hiyo mashini za kwanza, ekru za kwanza na kle za kwanza nyingi zilikuja na inchi. Nyuma yake vikaja vitu vya Ubelgiji, Ufaransa na Ujeremani, vya milimita. Kisha mashini kubwa za Marekani za kuchimba na kusukuma udongo, tena za inchi, lakini inchi ya namna ingine.

Njo vile katika sanduku moja ya mzee wa hapa unaweza kupata kle za lugha tatu, na mzee anazizungumza zote tatu pasipo shida. Mwanafunzi wa leo anachukua ya karibu, inateleza, inakula kona za buloni, na anasema kle ni mbaya. Kle si mbaya. Ni yeye hakusoma.

NAMBA ZINASEMA NINI

Hapa tukae kidogo, juu ndipo watu wengi wanapotea.

Kle ya milimita ni rahisi: namba inaonyesha upana wa mdomo. Kama imeandikwa 19, basi kutoka taya moja mpaka ingine ni milimita 19. Zile zenye inchi za Marekani zinafuata akili ile ile: 3/4 ni upana wa mdomo, robo tatu ya inchi, ndiyo milimita 19 na kitu kidogo sana (19,05). Kwa hiyo 19 na 3/4 ni ndugu. Moja inafanya kazi ya mwenzake. Vilevile 8 na 5/16. Lakini 1/2 ni milimita 12,7: ukitia kle ya 13 juu yake inaingia na kucheza kidogo, na kama ekru imekazwa sana, itazunguka tupu.

Sasa kuna kle ya tatu, ile yenye herufi W, ao BSW, ao BSF, ao BS. Hii ni ya Mwingereza Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alitoa mpango wa kwanza wa kufananisha meno ya buloni katika inchi yote ya Uingereza. Mbele yake kila atelie ilikata meno yake kama inavyopenda, na ekru ya atelie moja haikukubali buloni ya ingine. Meno ya Whitworth yana kona ya digri 55. Meno ya milimita na yale ya Marekani yana digri 60. Na kwa kle zake namba hazionyeshi mdomo hata kidogo! Zinaonyesha unene wa buloni ambayo kle inafungua. Kle iliyoandikwa 3/8 W ina mdomo wa inchi 0,710, ni kusema milimita 18. Lakini 3/8 ya Marekani ina mdomo wa milimita 9 na nusu. Namba moja, na mdomo mmoja ni karibu mara mbili ya mwenzake. Wekeni zote mbili juu ya meza mbele ya mtu asiyejua: atasema fundi wa kuandika alilewa.

Na mara nyingi juu ya kle ya Kiingereza utaona namba mbili kwa mdomo mmoja: 3/8 W na 7/16 BS. Ni sababu buloni ya BSF, ile ya meno madogo, kichwa chake kinapunguka saizi moja. Basi mdomo mmoja unafungua mbili.

Kama kle haina herufi yoyote na namba ni ya sehemu, pima mdomo. Piyakulisi ya shule inatosha. Ukikuta 1/2 na mdomo ni milimita 12,7, ni ya Marekani. Ukikuta 1/2 na mdomo ni zaidi ya milimita 20, ni ya Whitworth. Jambo limekwisha.

Mtu mmoja atauliza: juu ya nini kichwa cha kle plati kimepindishwa kidogo, hakiko sawasawa na mkono wake? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniambia ni juu ya uzuri. Si uzuri. Kimepindishwa digri 15. Ekru ina pande 6, kwa hiyo inajirudia kila digri 60. Kama kichwa kingekuwa sawa na mkono, mahali penye nafasi ndogo ungelazimika kuzungusha digri 60 nzima mbele ya kushika tena. Lakini kwa hii digri 15, unazungusha 30, unaigeuza kle tumbo juu, unashika tena, unazungusha 30 zingine. Jaribuni kwa baiskeli yenu mtaona.

MAJINA NA MIAKA

Jina la mtengenezaji liko karibu kila mara katikati ya mkono wa kle. Osha kwanza kwa petroli na burashi laini, kisha lalisha taa kwa ubavu, hapana juu. Kivuli kitaleta herufi.

Facom ni ya Paris, ilianzishwa na Louis Mosés mwaka 1918. Ujeremani una majina mengi, na karibu yote yanatoka mji mmoja, Remscheid, ao jirani yake: Hazet (hizo ni herufi H na Z za Hermann Zerver, aliyeanza mwaka 1868), Gedore ya ndugu Dowidat (1919), ambao jina lao Dowidat linaonekana juu ya kle zao nyingi za zamani. Stahlwille na Knipex ni Wajeremani vilevile. Waingereza wana King Dick na Britool. Peugeot, ndiyo, ile ya motokari, ilitengeneza misumeno na vyombo mbele ya motokari. Simba yake iliandikishwa mwaka 1858 kwa kusifu meno ya msumeno. Snap-on ni ya Marekani, mwaka 1920.

Bahco ni ya Uswidi. Pale Enköping fundi J. P. Johansson alipata haki ya kle amolete mwaka 1892, ile yenye gurudumu dogo la kufungua na kufunga mdomo. Wadenmarki wanaiita mpaka leo kle ya Uswidi, na huku kwetu watu wanaosema Kifaransa wanapenda kusema kle angleze, ya Waingereza. Kila mtu anampa jirani. Na ile kubwa ya matiyo, yenye meno na inayouma zaidi kadiri unavyovuta, ni ya Mmarekani Daniel Stillson, haki ya mwaka 1869. Hata palmeri, tunayopimia unene wa bati, ni jina la mtu: Jean Laurent Palmer, Mfaransa, 1848.

Lakini jina pekee halitoshi kujua umri, maana nyingi za kampani hizi zinaishi mpaka leo. Tafuta maneno madogo. «West Germany» ni kati ya 1949 na 1990, wakati Ujeremani ulikuwa mbili. «D.R.G.M.» ni alama ya Ujeremani ya zamani, ilianza mwaka 1891 na haikuvuka vita ya pili. «Brevet S.G.D.G.» ni ya Ufaransa, kati ya 1844 na 1968; maana yake serikali imetoa karatasi ya haki lakini haihakikishi kama kitu kinatembea vizuri. (Heri wauzaji wengine wa betri za redio wangeandika vile pia.) «Czechoslovakia» haipiti mwaka 1992.

Rangi ya chuma inasaidia vilevile. Kle nyeusi, nzito, yenye ngozi ya moto, mara nyingi ni ya mbele. Kle nyembamba inayong'aa, yenye maneno «Chrome Vanadium», inaanza kuwa ya kawaida toka miaka ya 1930. Lakini angalisho: maneno haya leo yanaandikwa juu ya kila kitu, hata juu ya kle inayofunguka mdomo kama samaki siku ya kwanza. Kromu ya kweli imeshika chuma. Ile ya uongo inatoka kama ngozi ya kitunguu. Angalia tena herufi: mtengenezaji wa kweli anajua kuandika jina lake mwenyewe. Tulishaona moja yenye jina maarufu likikosa herufi moja katikati.

ALAMA YA PILI: YA KAMPANI

Kisha jina la kiwanda kilichotengeneza, kuna alama ingine iliyopigwa kwa nyundo na herufi za chuma, mara nyingi si sawasawa. Hii ni ya mwenye chombo. Na kwetu hapa hii njo inasema historia zaidi.

Herufi UMHK: Union Minière, basi mbele ya 1967, maana tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua kampani. Ikawa GECOMIN, na mwanzo wa miaka ya 1970 ikawa Gécamines, ambayo iko mpaka sasa. Kwa reli: BCK ni ya zamani, nyuma KDL, kisha SNCZ toka 1974, na SNCC kisha inchi kurudilia jina la Congo mwaka 1997. Sanduku yenye rangi iliyoandikwa «Jadotville» haikuandikwa jana. Ile iliyoandikwa «Zaïre» ni kati ya 1971 na 1997. Hata kama fundi alipaka juu yake mara tatu, kwaruza kidogo kona ya chini kwa ukucha, hapana kwa kisu, utaona rangi zinafuatana kama miduara ya mti.

Wakati mwingine pamoja na kle unakuta kipande cha duara cha shaba nyeupe ao ya manjano, chenye tundu na namba. Watoto wanakifanya medali. Ni jeto ya magazini. Katika atelie kubwa fundi hakubeba vyombo vyote nyumbani. Alipewa jeto chache zenye namba yake. Akitaka palmeri ao kle kubwa, anatoa jeto kwa mtu wa magazini, na jeto inatundikwa kwa msumari mahali pa chombo. Jioni anarudisha chombo, anarudishiwa jeto. Aliyepoteza chombo aliona kwa mshahara. Jeto hiyo ina uzito wa grama chache tu kwa mizani ya mitraye. Usiiuze! Namba yake inaweza kulingana na namba ya kitabu cha kazi cha babu yako, na pengine ni kitu kimoja tu kinachobaki kuonyesha alikuwa pale.

Hapa inafaa kusema neno gumu. Chombo chenye alama ya kampani kilifikaje nyumbani? Wengine walinunua vyombo vya zamani vilivyoondolewa kazini, na karatasi. Wengine walilipwa kwa vitu wakati pesa haikutoka. Na wengine walibeba, tuseme wazi. Mkusanyaji si polisi wala hakimu, lakini anahesabu hii jambo. Mimi nina sheria moja: kle ambayo namba yake imefutwa kwa jiwe la umeme, na jeraha bado inang'aa, siigusi hata kwa bei ya karanga. Mtu hafuti namba ya kitu chake. Na chombo kinachotoka kiwandani leo si cha zamani, hata kikiwa cheusi.

SANDUKU

Watu wanatazama kle na kutupa sanduku. Ni bahati mbaya, juu sanduku njo inaeleza mtu.

Zile za chuma za kiwanda zinafunguka kama mabawa, visanduku vitatu ao vitano vinapanda ngazi pande mbili. Angalia mikono inayobeba visanduku: za zamani zina ribeti imara, na sanduku ikifunguliwa inabaki sawasawa. Kama inainama upande mmoja, ribeti imekulika. Mfundi wa bati anaweza kuirudisha. Wamarekani walikuwa na sanduku za mbao nzuri za ajisteri, zenye droo na kitambaa ndani, za Gerstner wa Dayton, toka 1906.

Lakini za kwetu nyingi si za kununuliwa. Fundi alichukua mbao ya kesi iliyoleta mashini kutoka Ulaya, ao mulombwa wa pori letu, akajitengenezea. Sanduku ya mulombwa mchwa haiipendi. Ile ya mbao ya kesi, geuza bao utaona ndani yake herufi nyeusi za bandari na uzito. Soma kifuniko kwa ndani: pale mafundi waliandika kwa penseli hesabu za deni, vipimo vya soupape, siku mtoto alizaliwa, namba ya matrikili. Sanduku kama hiyo haipakwi rangi mpya. Ukipaka unazika kitabu.

VYOMBO PASIPO JINA

Sasa tufike kwa vile ambavyo hakuna kitabu cha Ulaya kitakuonyesha.

Nilimtembelea mzee mmoja wa pensheni, ajisteri, hapa hapa. Nilimsalimu, «Jambo sana, papa,» nikaketi, na kisha maneno ya jamaa nikamwomba kuona sanduku. Katika kle zake kulikuwa moja imepindwa kama herufi S, nyeusi, pasipo namba, pasipo jina. Nikafikiri imeharibika. Nikauliza: «Papa, hii ilipata aksida?»

Akacheka. «Mwanangu, hii hapana aksida. Pompe moja ilikuwa na ekru nyuma ya tiyo. Kle ya wazungu haifike. Ilipaswa kutoa tiyo nzima, masaa manne. Nikachukua lame ya resoro ya kamyo, nikaitia moto, nikaipinda. Toka siku hiyo, dakika kumi.»

Kle ile, kwa mtu wa mitraye, ni nusu kilo. Kwa mkusanyaji wa Ulaya haina bei, maana haina jina. Kwa mimi iliyozidi zote katika ile sanduku ni hiyo. Ni yeye mwenyewe aliiwaza, na kwingine haiko.

Vyombo vya namna hii viko vingi kuliko tunavyodhani. Patasi iliyotoka katika soupape ya motere. Turnevisi iliyotoka katika fimbo ya torsio. Kona ya chuma, kompa na nyundo ndogo ambazo mwanafunzi wa ufundi alijitengenezea kwa tupa katika mwaka wake wa kwanza, maana ndiyo ilikuwa desturi ya mafunzo ya ajisteri: mbele ya kupewa mashini, unapewa kipande cha chuma na tupa, unalima mpaka pande zote ziwe sawa, na mwalimu anatia kona yake na kutazama kama mwanga unapita. Kipande hicho cha mtihani, pengine mkia wa njiwa unaoingia katika mwenzake pasipo kucheza, wazee wengine wanacho mpaka leo. Ukikipata usikitenganishe.

Unatambuaje chombo kilichofanywa kwa mkono? Alama za nyundo hazifanani. Pande mbili si ndugu kabisa. Mara nyingi utaona bado sura ya zamani ya chuma: upinde mdogo wa resoro, tundu la buloni ya katikati. Na mahali pa kushika pamekuwa laini kwa sababu ya mkono mmoja, hapana wengi. Pengine utaona hata kama mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto.

KUSAFISHA

Usitie chombo katika moto kwa kuondoa kutu. Moto unaondoa ugumu wa chuma, na kle inakuwa kama ya risasi. Usiguse na jiwe la umeme; linakula alama. Lowesha siku mbili katika petroli ao mazuti, piga burashi ya waya laini, pangusa, paka mafuta ya mashini kidogo. Kwa chombo cha kawaida inatosha.

Kwa kutu nzito kuna njia ingine, na hapa Shituru ni haya kama hatuijui. Toka 1929 kiwanda chetu kinatoa shaba kwa elektrolizi: umeme unapita katika maji ya asidi, na shaba inakuja kushika upande wa kutoa. Kuondoa kutu ni akili ile ile, katika beseni ya plastiki. Maji, kijiko cha soda ya kufulia, kipande cha chuma cha kawaida kwa upande wa kujumlisha, kle yako kwa upande wa kutoa, na kichaji ya betri. Vitu viwili visigusane. Kutu inalegea, kisha masaa machache unaiosha kwa burashi. Lakini sikieni vizuri. Fanyeni nje, pamoja na mwalimu, mbali na moto, kwa maana inatoka hidrojeni, nayo inalipuka. Msitie chumvi ya jikoni, inatoa klori. Msitumie inoksi kwa upande wa kujumlisha, inaacha sumu ya kromu katika maji. Na mzime umeme mbele ya kutia mkono.

JUU YA NINI SASA?

Tunajua sote mambo yalivyopita. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400 000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, kati yao mafundi na watu wa reli wengi; maelfu walilala gare ya Likasi wakingojea treni, na sanduku ya chuma haibebwi kirahisi na mtu anayebeba watoto. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50 000. Na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walipewa pesa ya mwisho na kuondoka. Kila mara vyombo vilibadilisha mikono: viliuzwa, viliachwa, vilipewa jirani. Kwa hiyo msishangae kama sanduku iliyo kwenu ina jina lisilo la jamaa yenu. Andikeni jina hilo, msilifute. Mwenyewe ao mtoto wake anaweza kupita siku moja na kuuliza.

Kwingine watu waliona jambo hili mapema. Pale Troyes, Ufaransa, toka mwaka 1974 kuna nyumba nzima ya vyombo vya mkono, karibu 10 000, iliyotoka katika mkusanyo wa Paul Feller. Lubumbashi, toka mwaka 2000, wanauniversité walianza kazi ya «Mémoires de Lubumbashi», kukusanya vitu vya nyumbani na masimulizi ya wenyeji. Na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika mwaka 2001 juu ya wafanyakazi hawa katika kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père. Sisi hatuna pesa ya muzeo. Lakini tuna daftari.

Kwa kila chombo, ukurasa mmoja. Kiweke juu ya karatasi, kizungushie penseli: picha imekwisha kuchukuliwa. Andika urefu, mdomo, kila herufi na kila namba hata zile usizoelewa. Kisha nenda kwa mwenyewe na umuulize mambo matatu: ulikipata wapi, kilifungua mashini gani, na nani alikufundisha kukishika? Hilo la tatu usilisahau. Mara nyingi mzee ananyamaza kidogo, kisha anataja jina la mtu ambaye hakuna aliyelitaja miaka mingi. Liandike kama anavyolitamka. Kama anakataa kuonyesha sanduku, usilazimishe. Rudia juma lijalo na umbebee hata sigara hapana, sukari ndiyo.

Atelie ya shule ina kabati moja tupu kwa upande wa dirisha, na mwalimu wa ufundi amekubali itumike. Wenye kuleta vyombo kwa kuonyesha wavilete siku ya Ijumaa kisha masomo, pamoja na karatasi ya mzazi inayosema ni ya kuazima ao ni ya kutoa. Kile cha kuazima kitapewa jeto yenye namba, na kitarudi nyumbani kwa jeto hiyo.